Mlezi wa Mikoko Elfu Arobaini na Nane

Adila hakujua kwamba yeye ni mlezi wa miti elfu arobaini na nane mpaka alipoambiwa na mtu wa Tabora.

Kabla ya hapo alijua mambo machache tu kuhusu tovuti ya Shina Letu. Alijua kwamba mwanawe Haidar ameajiriwa nayo huko Dar es Salaam, kazi yake kuandika maneno na kupanga picha. Alijua kwamba picha yake mwenyewe imo, amevaa fulana ya kijani juu ya dera, mkononi ameshika mbegu ya mkaka, aina ya mkoko, ndefu kama mpini wa mwiko. Na alijua kwamba chini ya picha ile kuna kitufe kilichoandikwa "Ongea na Mlezi". Mtu akikibonyeza, ujumbe wake unaingia kwenye simu ya Adila, Magomeni, Bagamoyo, nyumba ya tatu nyuma ya mashine ya kusaga.

"Watakusalimia tu, Mama," Haidar alimwambia siku alipoomba namba yake iwekwe. "Watu wanapenda kuongea na mtu wa kweli. Wewe wajibu kwamba miti inaendelea vizuri. Basi."

Na kweli walimsalimia. Shikamoo Mama Mlezi, kutoka Arusha. Shikamoo Mama Mlezi, kutoka Mombasa. Mmoja wa Uholanzi alimwandikia Kiswahili cha darasani, kimenyooka kama rula: "Habari za asubuhi, mama mpendwa. Je, mti wangu hajambo?" Adila aliwajibu wote, mmoja mmoja, bila kunakili. Miti inaendelea vizuri, alhamdulillahi. Na wewe hujambo? Watoto?

Alikuwa na nafasi ya kuwajibu. Nyumba ile ina vyumba vinne na mtu mmoja. Mumewe, Sultan, alizikwa kwao Lugoba miaka mitatu nyuma. Wapangaji Adila aliwafukuza kwa sababu ya kelele, kisha akajuta kwa sababu ya ukimya, na hilo la pili hakumwambia mtu. Sufuria ndogo kuliko zote jikoni ilikuwa bado kubwa. Kwa hiyo simu ilipolia alifuta mikono haraka na kuikimbilia, yeye, mwanamke wa miaka hamsini na sita, mwenye stashahada ya uvuvi ya chuo cha Mbegani, aliyekuwa afisa ugani miaka ishirini na miwili na kuwakemea wavuvi wa nyavu haramu mpaka wakajificha wakimwona.

Tena Haidar mwenyewe alikuwa akipiga. Zamani alipiga mara moja kwa miezi miwili, kwa haraka, kama mtu anayelipa faini. Tangu apate kazi ile alipiga kila wiki. "Mama, nipigie picha ya bahari asubuhi, kabla jua halijawa kali." "Mama, wale kaa wa kwenye tope ulisema wanaitwaje?" Adila alipiga picha. Alieleza kaa. Akaongeza na mengine ambayo hakuulizwa.

Sasa huyu wa Tabora. Hakuandika, alituma sauti, Jumanne moja ya Agosti, Adila akiwa anachambua mchele.

"Shikamoo Mama Mlezi. Naitwa Ummy, ni muuguzi, niko Tabora. Samahani kukusumbua. Nina mti kwako, namba saba elfu mia tatu kumi na nane. Niliuandikisha kwa jina la binti yangu, Hanadi. Alifariki mwaka jana, alikuwa na miaka tisa, alikuwa hajawahi kuona bahari na alikuwa anaisema kila siku. Najua una miti mingi, elfu arobaini na nane si mchezo, lakini naomba uniangalizie wake tu. Umefika urefu gani? Desemba nina likizo. Nataka nije niushike."

Adila aliusikiliza mara mbili. Mara ya kwanza alimlilia mtoto. Mara ya pili akakwama kwenye hesabu.

Elfu arobaini na nane?

Miti ilipandwa mara moja. Ilikuwa bamvua la mwezi wa Mlisho, kabla ya Ramadhani, maji yametoka mpaka fungu la mchanga limebaki kavu. Walikuwa wanawake kumi na wanane, kila mmoja na fulana mpya, na ndoo za mbegu zisizozidi elfu moja na mia mbili. Aliyezihesabu ni yeye.

Akaweka ungo chini, akavaa miwani, akaifungua tovuti ya mwanawe na kuisoma toka juu mpaka chini kwa mara ya kwanza. Aliisoma kama alivyokuwa akisoma ripoti za wanafunzi waliokuja kwa mafunzo ya vitendo: kalamu mkononi, bila huruma.

Ilikuwa nzuri. Hilo alilikubali. Buluu na kijani, ndege wanaruka, na maneno yanayoteleza: kurudisha pumzi ya bahari, kwa kushirikiana na jamii, kwa vizazi vijavyo. Adila alitafuta jina la kijiji, halikuwemo. Alitafuta jina la mtaalamu, halikuwemo. Jina la mti, mkaka au mchu au mlilana, halikuwemo. Yote iliitwa "mikoko", kana kwamba mtu anasema amefuga "wanyama". Lakini kitufe cha "Lea Mkoko" kilikuwemo mara saba. Kikombe kilikuwemo, na fulana, na kava la simu. Chini kabisa palikuwa na mhuri wa mviringo, wa kijani, "Umethibitishwa". Akaubonyeza ili aone nani kathibitisha. Ukampeleka kwenye fulana.

Picha moja ilionyesha mikaka iliyosimama kwenye mizizi yake, imenawiri, maji kama kioo, na nyuma yake mlima. Adila ameishi Bagamoyo maisha yake yote na mlima bado hajauona.

Kisha akafika kwenye tarehe. Upandaji wa kwanza, Februari: huo alikuwepo. Upandaji wa pili, "mkubwa kuliko wote", miti elfu kumi na tano, Jumapili tarehe sita Aprili, kwenye fungu lilelile.

Alinyanyuka akaenda ukutani. Kalenda yake ilikuwa ya duka la vifaa vya ujenzi, ina tarehe za kizungu kwa wino mweusi na za mwezi kwa wino mwekundu. Akarudisha kurasa. Jumapili tarehe sita Aprili. Pembeni, kwa wekundu: saba Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani.

Akacheka peke yake, kicheko kifupi kisicho na raha.

Mwezi ukiwa wa siku saba ni maji mafu. Bahari haijai sana wala haitoki sana. Inakaa palepale kama mtu mvivu kitandani. Fungu lile siku kama hiyo halionekani kabisa, maji yako kiunoni. Mtoto yeyote wa pwani anajua. Kupanda hapo ungepanda ukiwa umezama. Na hata kama maji yangetoka, wapandaji wangetoka wapi? Idi ilikuwa wiki moja nyuma, na nusu ya wanawake wa kikundi walikuwa wanamalizia funga ya siku sita, wamejilaza vibarazani wakingoja magharibi. Aliyeandika tarehe ile alifungua kalenda ya ofisini, akachagua Jumapili iliyo wazi, akaendelea na chai yake.

Na aliyeandika alikuwa Haidar, mjukuu wa Mwinyijuma mvuvi wa madema, baba yake Adila, kijana aliyekulia kwenye maji yaleyale. Hapo ndipo Adila alipovua miwani, mchele uko chini kwenye ungo, kuku wa jirani ameingia anaudonoa na yeye hamfukuzi.

*

Bamvua la mwandamo liliangukia Jumatatu iliyofuata. Adila alimpitia Mosi, mkulima wa mwani, rafiki yake tangu madrasa, mwanamke mwenye mdomo usio na breki. Mosi alikuwa anafunga mwani kwenye kamba.

"Twende fungu," Adila alimwambia. "Nataka kuona miti."

Mosi hakuinua uso. "Kumbe leo unakwenda kuzika."

"Una maana gani?"

"Vaa viatu, shoga. Twende."

Saa nne asubuhi maji yalikuwa yametoka mpaka mbali. Fungu lilikuwa kavu, jeupe, hatua mia kwa sitini. Adila alilipima kwa miguu yake mwenyewe, akihesabu kwa sauti, Mosi nyuma yake akimwigiza kama askari wa gwaride. Mche unataka mita moja na mwenzake. Hapo, ukibana sana, inaingia elfu tano. Elfu arobaini na nane ingebidi wabebane mabegani.

Haikuwa elfu tano. Haikuwa hata mia. Vilikuwa vijiti. Vijiti vya kijivu vimelala upande mmoja kama vilivyolazwa na wimbi, vingine vimeshikwa na chaza, na katikati yake chupa za plastiki za maji ya kunywa, za kampuni ileile ambayo jina lake liko juu ya tovuti kwamba sasa ni rafiki wa bahari. Adila aliinama, akang'oa kijiti kimoja. Hakikuwa na mzizi. Kilikuwa kimevunda mpaka ndani.

"Vilikufa lini?"

"Kabla ya Idi," Mosi alisema. "Kila mtu anajua."

"Kila mtu! Na mimi hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Kila nikija kwako una simu. 'Huyu wa Arusha, huyu wa Uholanzi, huyu kaniombea dua.' Uso umekung'aa kama biarusi. Nilikuwa sijakuona hivyo tangu Sultan afariki. Nikaona, hizo salamu ni makuti yako, una haki ya kujifunika."

Adila alitaka kumjibu kwa ukali na ukali haukuja. Kwa sababu aibu ilikuwa yake. Siku ile ya kupanda alisema, mara moja tu, "Mkaka unataka tope, hapa ni mchanga mtupu na mawimbi yanapiga." Mpiga picha akamjibu kwamba nyuma hapa pana anga safi. Adila akafungua mdomo kuendelea, akamwona Haidar amesimama kando na karatasi zake, shati limepigwa pasi, anamtazama kwa macho ya mtoto anayeomba mama yake asimwaibishe shuleni. Akafunga mdomo. Akapanda. Alijua vitakufa. Kisha salamu zikaanza kuingia na akapata sababu ya kutokwenda kuangalia: goti, jua, maji hayakutoka vizuri, mwezi ujao.

Walirudi kwa njia ya mkondo. Pale kwenye tope, pembeni mwa njia, palikuwa na mchu mdogo umeota wenyewe, unafika gotini, majani yamepauka kwa chumvi lakini mzima kabisa.

"Haya, picha hiyo," Mosi alisema. "Piga umpelekee huyo mama wa Tabora. Nani atajua? Mti ni mti."

"Mbegu waliyomwonyesha ni ya mkaka. Huu ni mchu."

"Mnyamwezi atajua mchu?"

Adila alipiga picha. Aliipiga vizuri, alichuchumaa mpaka goti likalia, akasubiri wingu lipite. Njia nzima hadi nyumbani picha ile ilikaa ndani ya simu kama chakula cha wizi.

*

Haidar alikuja Jumamosi bila kutoa taarifa. Adila alimsikia akibisha hodi, na kabla ya kufikiri lolote alikuwa ameshatia nazi nyingine kwenye mbuzi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekonda. Kaa."

Alimpikia wali wa nazi na changu wa kupaka. Haidar alikula kwa heshima, kidogo kidogo, akitafuna upande mmoja, akisifia pilipili. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba, mwenye ndevu zilizochongwa na saa inayowaka kila dakika. Alizungumza juu ya foleni, juu ya joto la Mikocheni, juu ya bosi wake ambaye anakunywa maji ya madafu tu. Adila alimwacha aseme. Ilikuwa sauti ndani ya nyumba, na alitaka aitumie kabla haijaisha.

Halafu Haidar akatoa karatasi kwenye begi.

"Kitu kidogo, Mama. Sahihi tu."

Ilikuwa imeandikwa "Tamko la Mlezi". Mimi, Adila Mwinyijuma, mwenye stashahada ya uvuvi, nikiwa msimamizi wa eneo, nathibitisha kwamba asilimia themanini na saba ya miche iliyopandwa imepona na inakua vema.

"Hii ya nini?"

"Wafadhili. Wale wa maji ya chupa wanataka kuchapa mti kwenye lebo zao. Wanahitaji neno la mtaalamu wa huku. Nikawaambia, mtaalamu ninaye, ni mama yangu mzazi." Alitabasamu, na tabasamu lile lilikuwa la kweli, hilo ndilo lililomuuma Adila. "Walifurahi sana."

"Asilimia themanini na saba umeipata wapi?"

"Ofisini."

"Ofisini kwenu pana bahari?"

Haidar alicheka bila kutaka. "Mama, usianze."

"Sijaanza. Nikianza utajua. Tarehe sita Aprili mwezi ulikuwa wa ngapi?"

"Sijui, Mama. Nani anahesabu mwezi siku hizi?"

"Bahari inahesabu. Ulikuwa wa saba. Ulikuwa umesimama wapi wewe na hiyo miti yako elfu kumi na tano, juu ya mabega ya nani?"

Kidole cha Haidar kikachora kitu kwenye mkeka.

"Niliambiwa nijaze tarehe," alisema mwisho. "Miti ya mara ya pili ingepandwa baadaye. Ni mambo ya mpangilio tu."

"Ilipandwa?"

"Itapandwa."

"Nimekwenda fungu Jumatatu. Kumebaki vijiti na chupa za hao rafiki zako wa bahari. Na si kosa lako peke yako, mimi nilijua siku ileile na nikanyamaza kwa ajili yako. Kwa hiyo tumekosa wawili. Lakini hii," akaisukuma karatasi kwa ncha ya kidole, kama kitu chenye mafuta, "hii sitii mkono."

"Mama, kuna wabaya kuliko sisi. Kuna watu wanauza hewa tupu kabisa. Sisi angalau tunahamasisha. Mtu akishalea mkoko anaanza kuifikiria bahari. Hilo ni jema hata kama mti wenyewe..."

"Hata kama mti wenyewe haupo. Malizia."

"Hujui kazi zilivyo ngumu kupatikana huko."

"Najua. Sikiliza mtu mmoja anayeifikiria bahari yako."

Akamwekea sauti ya Ummy. Haidar alisikiliza mkono ukiwa bado una wali. Ilipofika "nataka nije niushike", aliondoa macho kwenye simu akayaweka mlangoni. Aliposema tena, alisema polepole.

"Mtumie ile picha ya mchu. Nimekutana na Mosi njiani, kaniambia umeipiga. Mtumie, afurahi. Desemba ni mbali."

Adila alimwangalia mwanawe. Alitafuta ndani ya uso ule mtoto aliyekuwa akilia samaki wakiparwa magamba, na alimwona, yupo, ila alikuwa amekaa nyuma sana.

"Nikuulize swali, Haidar, na usinijibu kwa maneno ya tovuti. Kama si picha, ungekuwa unanipigia simu?"

Saa ya mkononi ikawaka, ikazima. Nje, mashine ya kusaga ilianza kunguruma. Haidar akakunja karatasi mara mbili, akanawa mkono, akamwomba radhi kwamba ana safari.

"Allah akufikishe salama," Adila alisema, kwa sababu hilo husemwa.

Akabaki na changu nusu nzima.

*

Kumpigia Ummy kulimchukua siku mbili, na Adila si mtu wa kuchukua siku mbili kwa jambo lolote. Alifungua picha ya mchu mara kadhaa. Ilikuwa picha nzuri. Ingetosha. Mtu wa Tabora angelala nayo, angewaonyesha wenzake wa wodini, na Haidar angeendelea kupiga kila wiki, na wa Uholanzi na wa Arusha wangeendelea kumwita mama. Kitu kimoja tu kilikuwa kinaizuia, lile neno "niushike". Huwezi kumtumia mtu picha ya kitu anachokuja kukishika.

Alipiga Jumatatu asubuhi. Alisema yote kwa mfululizo, kama anavyosema yeye, bila sukari: kwamba mbegu zilikuwa elfu moja na mia mbili tu, kwamba zilipandwa mahali pabaya, kwamba yeye alijua, kwamba zimekufa zote, kwamba namba saba elfu na ushei haikuwahi kuwa na mti. Aliomba msamaha mwisho.

Upande wa pili palikuwa na mlio wa kitoroli cha dawa kikipita korido.

"Kwa hiyo haukuwahi kuwepo," Ummy alisema.

"Haukuwepo, mwanangu."

"Hata siku ya kwanza?"

"Hata siku ya kwanza. Kuna mchu mmoja mdogo umeota wenyewe mkondoni. Huo si wako, si wa mtu yeyote. Lakini uko hai. Ukija nitakupeleka ukauone, utalala kwangu, vyumba ninavyo."

Ummy alipojibu, sauti yake haikuwa na hasira, na Adila alikuwa amejiandaa kwa hasira tu.

"Mama, ungeniacha tu mpaka Desemba."

Simu ikakatika. Adila alisubiri dakika chache, akadhani ni mtandao. Haikuwa mtandao.

Hapo akafanya alichobaki nacho. Alikwenda kwenye tovuti, sehemu ya maoni, akaandika kwa jina lake kamili na jina la chuo chake. Akasema fungu lina ukubwa gani na linaingiza miche mingapi. Akasema mwezi ukiwa wa siku saba bahari inakaaje. Akasema mlima uliopo pichani uondolewe, Bagamoyo hauko. Akawaambia wasomaji kwamba ukurasa wa mazingira wenye vitufe saba vya kununua na usio na jina la kijiji hata moja, waufunge. Hakutukana mtu. Maoni yake yalikaa nusu siku, kisha yakafutwa. Akayaandika tena. Mara hiyo hayakukaa hata saa moja.

Siku ya tatu picha yake ikaondolewa. Mahali pake wakaweka mwanamke mwingine, mdogo kidogo, mwenye meno mazuri, wa mahali Adila hapatambui. Fulana ileile. Na chini yake maneno yaleyale ambayo Haidar aliyatunga na kuyatia kinywani mwa mama yake: "Kila mche ninaoupanda ni mwanangu."

Namba chini ya kitufe ilikuwa nyingine. Simu ya Adila ikanyamaza. Wa Uholanzi hakuuliza tena kama mti wake hajambo. Mosi alikuja mara mbili na mihogo ya Fukayosi, akajaribu mzaha, akaona hauingii, akakaa tu akimenya. Jumapili ikapita bila Haidar. Ya pili ikapita. Ya tatu Adila alijikuta ameshika simu tangu adhuhuri, akaiona mikono yake inavyoishika, na akajichukia.

"Upuuzi," alisema kwa sauti. Akapiga yeye.

Iliita mpaka karibu na mwisho.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Sina picha."

"Najua."

Nyuma yake kulisikika utepe wa gundi ukivutwa na kukatwa. "Uko wapi leo Jumapili?"

"Kazini. Wamenitoa kwenye maandishi, baada ya... baada ya yale. Nafunga fulana kwenye maboksi." Hakuilalamikia. Hakumlaumu pia. Utepe ukavutwa tena.

Adila alikuwa na maneno. Angeweza kumwambia pole, angeweza kumwambia acha kazi hiyo, angeweza kumwambia sijutii. Yote yalikuwa ya kweli na yote yalikuwa na mikoko ndani yake.

"Niambie kitu chako," alisema. "Chochote. Kisiwe cha miti."

Ukimya ukawa mrefu kiasi kwamba aliangalia kama simu imekatika. Haikuwa imekatika; dakika zilikuwa zinakwenda. Mwanawe alikuwa anatafuta. Alikuwa anatafuta kweli, na hapati, na mama yake alimsikia akikosa.

"Jino linaniuma," Haidar alisema mwishowe.

"Lipi?"

"La nyuma, kulia. Chini."

"Tangu lini?"

"Tangu Ramadhani."

Adila aliketi. Tangu Ramadhani kulikuwa na Idi mbili, na wiki zaidi ya ishirini, na kila wiki mtoto huyu alipiga simu na jino lake kinywani, wakazungumza juu ya kaa.

"Linauma vipi?" akauliza. "Ukinywa cha moto, au hata ukiwa umenyamaza?"

"Hata nikinyamaza, Mama."

"Basi nieleze."